Nilianza kwa kushika kata ya maji

Dada uliyeuliza, umesema unaswali swala tano, unafunga mpaka Sita za Shawwal, zile siku sita za sunna baada ya Ramadhani, ila ukishakunja mswala huoni imani yako inamfaa nani mtaani. Mimi si mwalimu wa dini, nauza chapati Ngamiani, Tanga. Nitakueleza yaliyonikuta.

Miaka 11 iliyopita tulifiwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakati wa masika, mvua haikatiki. Bibi anayeosha maiti za kike alikuwa amekwenda Pemba. Akapatikana mama mwingine mwenye ujuzi, akataka wasaidizi wawili. Tulikuwa wanawake tele ukumbini, mara kila mmoja ana mtoto wa kunyonyesha. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango. Shangazi akanishika mkono: "Wewe njoo, utamwaga maji tu."

Hadithi ya Ummu Atiyya, mwanamke wa zama za Mtume, nilikuwa naijua tangu madrasa. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yeye na wenzake namna ya kumwosha binti yake Zaynab: mara tatu, tano au zaidi, kwa witiri, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kwa maji na mkunazi, kuanzia kuumeni na viungo vya udhu, na mwisho karafuu maiti. Mtihani wake nilifaulu. Kumbe sikujua kitu. Sikujua mkono wa maiti ulivyo mzito. Sikujua kwamba maji unayajaribu kwanza kwenye kiwiko chako, kana kwamba yakiwa ya moto atalia. Stara haikuondoka, mkono ulipita chini ya nguo ukiwa umefungwa kitambaa. Na yule mama alikuwa anamsemesha: "Samahani dada, nakugeuza." Kata ikanitetemeka mkononi mpaka tulipofika kwenye sanda, zile nguo tano za mwanamke.

Nikawa naitwa kila kukicha msiba. Wateja wangu wawili wa asubuhi walihama, eti mikono ileile inaosha maiti na kukanda unga. Wengine wakanitania kwa "mwosha huoshwa". Nilizoea.

Lakini jibu la swali lako liko mbele kidogo. Mwoshaji ana amana: akiona zuri atasema, akiona baya atalifukia. Tumefundishwa kwamba anayemsitiri maiti husamehewa mara 40. Kwa hiyo sitakwambia nilichokiona kwenye mwili wa bibi mmoja aliyekuwa amelala ndani miezi mingi. Naweza kusema tu kwamba nilirudi nyumbani sikuweza kula. Dirisha lake nilikuwa nalipita kila alfajiri na beseni langu la chapati, "Shikamoo bibi", "Marahaba", basi, nimeshapita. Nilimwosha vizuri sana siku ambayo haikumsaidia.

Ndipo nilipoanza kuulizia walio hai. Nesi mmoja mstaafu alitufundisha mambo ambayo ukiyasikia utayadharau: mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mto uwekwe katikati ya magoti, visigino visigandamize godoro, shuka lisiwe na mikunjo, ukishamwosha umkaushe kabisa. Tunaozungukia wagonjwa tuko wanne, mmoja ni Mkatoliki anayetokea kwenye jumuiya yao. Siku moja tukiwa kazini nikamsimulia ile hadithi qudsi, maneno ya Mungu aliyoyasimulia Mtume, Mwenyezi Mungu anamuuliza mja: niliumwa, mbona hukuja kunizuru? Akacheka, akasema hiyo ni Mathayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama". Tukaanza kubishana. Mgonjwa akatwambia: nigeuzeni kwanza, mtamalizia baadaye.

Nilikosea pia, tena vibaya. Nilipiga picha miguu ya bibi mmoja tulipomaliza kumsafisha, nikaiweka kwenye status ya WhatsApp na Alhamdulillah nyingi. Sura haikuonekana, nikadhani yameisha. Binti yake anafanya kazi Muscat, na miguu ya mama yake anaijua. Alinipigia simu akilia, hata kunitukana hakuweza. Hebu fikiria, siri za wafu nimezitunza miaka yote, halafu aliye hai namtangaza! Tangu hapo simu inabaki mlangoni pamoja na ndala.

Sasa, uanzie wapi? Usianze na kikundi. Kikundi kitataka mwenyekiti, mhazini na fulana, na mtagombania fulana. Angalia ni nani hajaonekana barazani wiki mbili hizi. Nenda na sabuni yako, omba kupasha maji. Na usimkimbilie mgonjwa peke yake, mwangalie anayemuuguza, mara nyingi mkamwana au mjukuu. Mwambie akalale kwa muda wa saa 2, wewe upo. Wa kwanza niliyemwambia hivyo alidhani nataka kuiba. Wa pili alilala palepale kwenye mkeka kabla sijamaliza sentensi. Na ukienda, taja siku utakayorudi, halafu urudi, hata kama ni mara moja tu kwa wiki. Mimi nilikuwa naahidi kila siku, nikawa siendi, na mgonjwa anahesabu.

Kuhusu woga wa maiti uliouliza mwishoni: wangu uliisha kwenye mara ya nne au ya tano. Ule wa kumgeuza mgonjwa anayelia bado ninao.