Binti ana C-, baiteknolojia ataiweza?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Niko Likoni, binti yangu amemaliza fom foo akapata C- ila baiolojia na kemia kajitahidi sana. Ataka baiteknolojia, hasikii kitu kingine. Mjombake asema ati hiyo ni ya watu wa yunivasiti, huyu aende akashone nguo. Kweli hakuna njia? – Mama wa Likoni

JAWABU: Wa aleikum salaam mama. Huyo mjomba muulize mkate wa sinia unaumuka vipi. Hamira ni viumbe hai vyala sukari vyatoa hewa, na kutumia viumbe hai kutengeneza kitu ndio baiteknolojia yenyewe, hii ya zamani kabisa, na mgema wa tembo anaifahamu bila cheti (simwambii mtu anywe lakini).

Digrii ndio yataka C+, hapo mjomba hajakosea, lakini diploma za tekniko nyingi zaanzia C-, cheti D, ila kila kozi na masharti yake ya baiolojia na kemia kwa hivyo someni vizuri kule KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Na msitafute neno baiteknolojia peke yake! Tafuteni pia teknolojia ya maabara, baiolojia tumizi, teknolojia ya chakula, huko ndiko mtoto anajifunza kuotesha bakteria na kufanya kazi bila kuingiza uchafu kwenye sampuli, na huo mkono ndio waajiri wanautaka. Marekani wenzetu wamezoea, mwanafunzi akiwa bado sekondari aweza kuchukua masomo ya koleji ya jamii na yakahesabiwa, kisha miaka miwili ya koleji aingie kazini ama aendelee yunivasiti. Hapa kwetu hiyo ngazi ni lazima mujipangie wenyewe.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, nenda na binti muone maabara kwa macho yenu. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, yafanya kazi ama imewekwa kama pambo? Mwanafunzi ashika pipeti (kifaa cha kupimia majimaji) mwenyewe ama watu 40 wamzunguka mwalimu wakitazama? Mimi koleji yenye brosha nzuri na maabara ya kufuli sipeleki mtoto. Waulizeni pia, kwa maandishi, diploma yao yamuingiza mwaka wa ngapi yunivasiti na ni yunivasiti gani.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, aanze kuomba mapema, KMFRI pale Mkomani wako na utafiti wa bahari, KEMRI wa utafiti wa tiba wako Kilifi. Karo isikutishe sana, HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu, yakopesha hata wa tekniko.