Springi kali ya vali peke yake haikufikishi mizunguko 9,000

SWALI: Fundi, nina Toyota Runx Z yenye injini ya 2ZZ-GE, gia za mkono, na wikendi naitumia kwa autokrosi. Nataka injini ifike mizunguko 9,000 kwa dakika bila kuvunjika. Muuza vipuri mmoja ana seti ya springi kali za vali na riteina za titani (vikombe vinavyoishika springi kwenye shina la vali), anasema nikifunga hizo na kuondoa limita, kikomo cha mizunguko, kwenye ECU (kompyuta ya injini) kazi imekwisha. Fundi wa mtaani ananiambia nisipoteze pesa, niweke washa (pete bapa za chuma) chini ya springi zilizopo. Nimfuate nani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usimfuate hata mmoja. Huyo wa washa nitamrudia baadaye.

Kwanza, 9,000 ni ya kufanyia nini? Kwenye 2ZZ, kamu ya juu (vinundu vinavyofungua vali zaidi kwenye mizunguko mikubwa) huingia karibu 6,200, na nguvu farasi zote 190 za kiwanda hupatikana 7,600. Kutoka hapo nguvu inashuka. Ukiivuta hadi 9,000 na kamu za kiwanda utapata kelele nzuri, huku mwenzako aliyebadilisha gia mapema anakupita. Springi haiongezi nguvu farasi hata moja. Kazi yake ni kuifanya vali ifuate umbo la kamu, basi. Lakini kila mwezi naletewa silinda hedi na mtu aliyeuziwa springi kama vile ni turbo.

Ugumu uko hapa. Kwa 9,000, kila vali inafunguka mara 75 kwa sekunde. Kamu inaisukuma chini vizuri, lakini ikishapita kilele, kinachoirudisha vali ni springi tu. Springi ikilemewa, vali inaachana na kamu, inaelea, halafu inarudi kwenye siti, pale inapokalia ikifunga, kwa kishindo na kudunda. Nguvu inayohitajika kuizuia hupanda kwa mraba wa mizunguko: kutoka 8,000 hadi 9,000 umeongeza asilimia 12.5 ya kasi, lakini mzigo umepanda karibu asilimia 27. Kwa hiyo anayejua kazi huanza na uzito. Punguza gramu upande wa vali, na springi ya wastani itakutosha. Riteina za titani zina maana kwa sababu hiyo, si kwa rangi yake ya buluu. Zipime kwenye mizani: titani halisi ya ukubwa uleule ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma. Na ukifungua injini, kagua pale springi inapokalia, kwa sababu titani hulika.

Sasa washa. Tuchukue hesabu ya mfano. Springi ikishafungwa ina urefu wa milimita 35. Kamu inainyanyua vali milimita 11, inabaki 24. Tuseme koili zake zinagusana zote kwenye 22.8. Una nafasi ya milimita 1.2, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Fundi wako akipachika washa ya milimita 1, springi itaonekana kali kweli ukiibonyeza kwa mkono, na utamsifu. Lakini nafasi iliyobaki ni 0.2. Injini ikipata moto na kasi, koili zinagongana, springi inageuka kipande cha chuma kisichobonyea, na kamu bado inasukuma. Kitakachovunjika ni roka (mkono unaosukumwa na kamu), riteina, koleti (vipande vinavyoifunga riteina kwenye vali) au springi yenyewe. Vali ikiangukia ndani, pistoni inamaliza kazi.

Washa halali zipo, za chuma kigumu, zenye unene unaojulikana. Matumizi yake ni kusawazisha urefu baada ya siti kusagwa, maana siti ikisagwa vali inazama, springi inalegea. Hapo unapima vali zote 16 moja moja kwa kipimo cha vania, unaandika, ndipo unachagua washa ya kila moja. Fundi aliyekushauri hakutaja kupima.

Kwa gari lako ningefanya hivi. Kamu zikibaki za kiwanda, limita ibaki ilipo. Nunua springi mpya, riteina na koleti za seti moja, kisha pesa iliyobaki iende kwenye gia za pampu ya oili. Za kiwanda za 2ZZ zinajulikana kupasuka injini ikirushwa kupita kiasi, na kwenye autokrosi itarushwa: unatoka ya tatu ukitafuta ya nne, mkono unaangukia ya pili, matairi yanaiburuza injini kupita 10,000. Limita inakata mafuta tu, haiwezi kuyazuia matairi, na hakuna springi dukani itakayokuokoa. Halafu kumbuka pistoni inasafiri milimita 85. Kwa 9,000 kasi yake ya wastani ni mita 25.5 kwa sekunde, na konrodi za kiwanda, fimbo zinazobeba pistoni, hazijasikia habari za springi zako.

Ukibadilisha kamu, springi ichaguliwe na aliyetengeneza kamu. Pima nafasi ya vali na pistoni: milimita 2 upande wa kuingiza, 2.5 upande wa ekzosi, na usipime pistoni ikiwa juu kabisa tu. Mahali pa hatari ni kama digrii 10 za kranki kabla ya hapo kwa ekzosi na 10 baada yake kwa kuingiza.

Wenye injini za 4A-GE ya Toyota na EJ20 ya Subaru za tapeti (vikombe vinavyosuguliwa moja kwa moja na kamu), hili linalofuata linawahusu kuliko mwenye Runx, ambaye kamu yake ya chini inakanyaga roli. Springi kali huila kamu injini ikiwa polepole. Kwenye kasi, vali inayotaka kuruka inapunguza mzigo kwenye kilele cha kamu. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, mzigo wote wa springi unakaa palepale. Yaani kamu ya gari la mashindano inalika ukiwa kwenye foleni unaenda kazini. Na 4A-GE zenye shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi ya vali) juu ya tapeti, msizipe kamu zenye mnyanyuko mkubwa, shimu itatemwa.

Muuzaji muulize mambo matatu: mzigo kwenye urefu wa kufungia, mzigo vali ikiwa wazi, na urefu ambao koili zinagusana. Akikujibu kwamba hizo ni "stage 2", mwachie kwenye kaunta. Na anayenunua injini iliyotoka kwa mtu wa mashindano asiridhike kwa kufungua kava na kuona kamu zinang'aa. Avue springi mbili tatu kabla ya kulipa, kwa sababu washa hukaa chini yake, hazionekani.