Je, unene uliopitiliza ni ugonjwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, urefu wangu ni sentimita 163 na uzito kilo 88. Nilipokwenda kupima afya niliandikiwa kwamba nina ugonjwa wa unene, ilhali presha, sukari na mafuta kwenye damu vyote vilikuwa sawa. Kaka yangu anasema hapo hakuna ugonjwa, ni kushindwa kuzuia mdomo tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, dada. Kaka yako amekosea, na aliyekuandikia hivyo ameharakisha.

Nianze na kaka, kwa sababu maneno yake ndiyo yanayoumiza watu wengi. Mafuta ya mwili si mzigo uliokaa tu. Seli zake hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo huujulisha ubongo akiba imefikia wapi. Iligunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman huko New York. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Hao hula na kula wasishibe, wakanenepa kupita kiasi tangu wadogo. Wakidungwa leptini, njaa ile hupoa na uzito hushuka. Ni watoto walewale, na wazazi walewale. Kilichobadilika ni homoni moja.

Kwa watu wengi wanene hali si hiyo. Leptini wanayo, tena nyingi, ila ubongo hauisikii vizuri. Urithi nao una nguvu kubwa: mapacha wa kufanana waliolelewa katika nyumba tofauti hukaribiana uzito wanapokuwa watu wazima. Na mtu akijinyima akapungua, mwili huichukulia hali hiyo kama njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza. Ndiyo maana kilo hurudi hata kwa mtu mwenye nidhamu kuliko wanaomcheka. Chakula na mazoezi vina nafasi yao, sikatai, lakini mtu anayeambiwa ajizuie anapambana na mwili wake mwenyewe usiku na mchana.

Sasa tuje kwenye cheti chako. Uzito wako ukiugawanya kwa urefu wa mita 1.63 mara 1.63 unapata takribani 33. Hiyo ndiyo BMI, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 30 kuwa unene uliopitiliza. Tatizo ni kwamba kipimo hiki kilitokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, si mgonjwa. BMI haitofautishi msuli na mafuta. Haijui kama mafuta yamekaa mapajani, ambako madhara huwa madogo, au yamezunguka ini na matumbo, ambako ndiko hatari iliko.

Udhaifu huo ndio uliozua ubishi mwaka 2013, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipoamua kuutambua unene kuwa ugonjwa. Baraza lake lenyewe la sayansi lilikuwa limeshauri kisifanye hivyo, likitaja kasoro za BMI. Wajumbe walipiga kura wakaupitisha hata hivyo. Naona walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa jambo likiitwa ugonjwa huwa rahisi zaidi kudai bima ilipie dawa na upasuaji. Lakini ukimwita mgonjwa kila aliyevuka 30, unawabebesha jina hilo hata watu ambao viungo vyao vinafanya kazi barabara.

Jibu ninalolikubali mimi lilitolewa Januari 2025 na jopo la kimataifa la wataalamu lililoongozwa na Francesco Rubino. Waligawa unene mara mbili. Kuna unene ambao tayari umeharibu kazi ya viungo au maisha ya kila siku: moyo unachoka, pumzi zinakatika usingizini, magoti yanauma hadi kuvaa viatu ni kazi. Huo ni ugonjwa kamili na unastahili tiba kama ugonjwa mwingine wowote. Na kuna unene ambao mafuta yamezidi kweli, lakini viungo bado viko salama. Huo ni hali ya hatari, inayohitaji kufuatiliwa. Walisisitiza pia kwamba BMI peke yake isitoshe, mafuta yathibitishwe kwa kipimo kingine.

Kwa ulichonieleza, dada, inaelekea uko kundi la pili, ila vipimo vyako havijakamilika. Pima kiuno kwa utepe: kwa urefu wako, kikizidi sentimita 81 au 82, yaani nusu ya urefu, mafuta ya tumboni yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Omba ini na figo vipimwe. Muulize unayelala naye kama unakoroma kisha unanyamaza ghafla na kushtuka ukihema. Na mwambie daktari kama unahema ukipanda ngazi, au kama magoti yanakuamsha usiku, hata asipouliza.