Kabla hujasuka gurudumu la mzigo, chagua habu kwanza

Nimebeba maziwa kwa baiskeli miaka mitatu, madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, kupeleka mjini Morogoro. Karibu kila wiki spoku ya nyuma ilikatika, na mara zote upande wa mnyororo, pale inapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha katikati ya gurudumu. Fundi anaweka mpya, wiki inayofuata inakatika jirani yake. Kumbe mimi nilinunua gurudumu kwa kutazama ringi inavyong'aa.

Ringi ikipinda utapata nyingine. Habu ndiyo inayoamua utafunga spoku ngapi, na kwa mzigo usikubali chini ya matundu 36 nyuma. Zile baiskeli ndefu za Kiingereza zilikuwa na spoku 40 nyuma na 32 mbele, maana uzito unakaa nyuma.

Ukitaka gia nyingi, uliza gololi za kulia zimekaa wapi. Kwenye habu ya frivili (meno ya nyuma yanayozunguka bure usipokanyaga) ya kufungia kwa nyuzi, gololi ziko ndani, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila cha kukishika. Nimevunja ekseli mbili namna hiyo. Habu ya kaseti ya Shimano, ile ambayo meno ya gia huchomekwa juu yake, gololi zake zimesogezwa karibu na fremu. Bei iko juu, lakini kwa mzigo ningeilipa leo hii. Wa gia moja asihangaike, frivili yake ni nyembamba.

Kwenye kusuka, mwambie fundi zipishane tatu: kila spoku ikatize tatu za shavu lilelile la habu (ule ukingo wenye matundu ya spoku) kabla ya kufika kwenye ringi. Ikitoka kwa mshazari hivyo, ukikanyaga pedali inaivuta ringi moja kwa moja. Spoku zilizonyooka kama miale ya jua zinapendeza, ila nyuma hazifai kabisa, wala popote penye breki ya diski. Hata mbele, jirani yangu alizifunga kwenye habu nyepesi, akaja kunionyesha: ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu hadi ukingo wa shavu.

Halafu mkazo. Hapa ndipo zangu zilipokuwa zinafia. Spoku legevu inapoteza nguvu kila inapofika chini na kuvutwa tena ikipanda, mpaka inakatika kama waya unaopindwa huku na huku. Zidonoe kwa kidole kama nyuzi za zeze; za upande mmoja zitoe sauti moja. Kwenye gurudumu la gia, za kushoto zitalia chini kidogo kuliko za kulia, usizilazimishe zilingane. Kisha zibane mbilimbili kwa mkono, kwa nguvu, gurudumu zima, ndipo fundi alinyooshe tena. Wengi wanairuka hatua hii kwa haraka ya wateja. Kaa pale pale mpaka aifanye.

La kwangu la sasa lina spoku 36, zimepishana tatu. Masika yote limepita kwenye matope na madumu yaleyale, na spoku za akiba bado nimezifunga chini ya kiti kwa mpira.