Kabla ya kununua kipimo cha presha, pima kwanza unene wa mkono

Msomaji mmoja wa Masasi ameniuliza kama amnunulie baba yake kipimo cha presha cha nyumbani, au ni kupoteza fedha. Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnauguza wazazi, na kwa sababu jambo hili mimi nimelipitia.

Mama yangu, hapa Mikindani, aliambiwa presha yake iko juu sana, akaongezewa dawa, kisha ikawa kila akiinuka mkekani anasikia kizunguzungu na kushika ukuta. Nilinunua kipimo cha betri, ambacho muuzaji wa duka la dawa alinichagulia chenye mkanda mpana (ule unaofungwa mkononi na kujazwa hewa), nikawa nampima asubuhi na jioni na kuandika kila namba katika daftari. Nilipolipeleka katika kituo kimoja cha afya, mhudumu alilifunga bila kulisoma, akasema mbele ya foleni nzima kwamba mashine za nyumbani ni za kuchezea watoto. Maneno yale yananiuma hadi leo. Daktari mwingine ndiye aliyechukua utepe, akauzungusha mkono wa Mama kati ya bega na kiwiko, akapata sentimita 36, wakati mkanda uliotumika kumpima awali uliandikwa pembeni 22–32, yaani ni wa mkono wenye sentimita 22 hadi 32. Alipompima upya kwa mkanda mpana, namba ilishuka na kulingana na za daftari langu, naye akapunguza dawa.

Kasoro hiyo ya mkanda mwembamba ina umri sawa na kipimo chenyewe. Mwaka 1896, Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, Italia, alifunga mkononi tyubu ya baiskeli, akaijaza hewa, akasoma kimo cha zebaki pale mapigo ya kifundo cha mkono yalipopotea. Mkanda wake ulikuwa na upana wa sentimita 5 tu, hivyo ulitoa namba kubwa kuliko presha halisi, mpaka Heinrich von Recklinghausen, Mjerumani, alipoupanua mwaka 1901. Riva-Rocci alipata namba ya juu tu, ya moyo unaposukuma damu. Namba ya chini, ya moyo unapopumzika, tuliipata kwa Nikolai Korotkov wa St. Petersburg, ambaye mwaka 1905 alieleza namna ya kusikiliza mshipa kwa stetoskopu wakati mkanda unalegezwa. Mashine zetu za betri hazisikilizi sauti, bali huhisi mtikisiko wa mshipa kupitia mkanda, ndiyo maana mkono ukitikisika hesabu huharibika.

Basi nunueni, lakini nendeni dukani mkijua unene wa mkono. Mgonjwa akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage chini, mkono uwe wazi na ulazwe mezani usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Tena asiongeleshwe! Mama alipopimiwa barazani aliitikia salamu za kila mpita njia na namba zikapanda. Sasa tunapimia chumbani. Pimeni mara mbili kwa kupisha dakika moja, muandike namba zote pamoja na saa, hata ile isiyopendeza, wala msibadili dawa wenyewe. Mhudumu akilifunga daftari, mwombeni kwa adabu alifungue, na akikataa, ombeni kumwona daktari.