Kupotea katikati ya Heian Shodan

Pole, mdogo wangu. Umesema Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko uliopangwa) ya karate, inakupotea kila ukimaliza kiai (ukelele wa nguvu) ya kwanza. Wengi hukwama hapohapo, kwani baada ya age-uke (kinga ya juu) ya tatu unazunguka robo tatu ya duara kupitia mgongoni, ukiegemea mguu wa kulia.

Acha kwanza kurudia miondoko yote 21. Shika kipande hicho tu: age-uke, geuka, gedan-barai (kinga ya chini). Kichwa kitangulie, mguu wa kushoto ufuate, na usiinuke katikati. Goti la kulia libaki limekunjwa. Fanya polepole, peku, kila jioni, hadi nyayo zizoee sakafu. Na ukimalizia mbali na ulipoanzia, kagua urefu wa hatua zako, hasa unaporudi.