Nataka fizikia na kompyuta, nijaze kozi gani?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza form six PCM (fizikia, kemia na hesabu), niko Tukuyu. Napenda fizikia na napenda kompyuta pia. Kaka wa steshenari anayetujazia maombi ya chuo anasema fizikia haina ajira, nijaze sayansi ya kompyuta tu, fizikia nitajisomea YouTube. Mjomba naye kaona kituo Mwanjelwa kinafundisha Python, ile lugha ya kuandikia programu, wiki 6. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba binti. Huyo kaka kakugeuzia mambo juu chini, na kila msimu wa maombi naona watoto wanapotezwa hivihivi. Kompyuta ndio unaweza kuiongezea baadaye ukiwa na msingi wa fizikia na hesabu. Fizikia ukishaiacha kuirudia ni shughuli, maana topiki zinapandana, bila mekaniki na mawimbi hutaielewa kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na bila kwanta hutaelewa semikondakta, ile mali ya kutengenezea chipu, iliyomo kwenye hiyo simu yako. Tena YouTube haina maabara wala mtu wa kukusahihisha.

Kinachoniudhi kabisa ni hii imani kwamba kuchanganya fizikia na kompyuta maana yake ni kujua Python. Lugha ya programu ndio sehemu rahisi jamani! Mwanafunzi anaandika programu ya dunia kuzunguka jua, haina eror hata moja, lakini ukiiacha inaendelea dunia inazidi kulikimbia jua kila mzunguko. Anahangaika na laptopu, anainstoo upya, wapi. Kosa liko kwenye hesabu, anaisogeza dunia kwa kasi ya zamani, kwa hiyo kila hatua anaongeza nishati kidogo ambayo haipo. Akikokotoa kasi mpya kwanza ndio aitumie hiyo kuisogeza dunia, mzunguko unatulia. Ni mistari miwili tu ya kupanga upya, ila nani atakushtua kwamba jibu la kwanza lilikuwa la uongo kama hujui nishati inatakiwa ibaki ileile? Kompyuta haitakushtua, na mwalimu wa wiki 6 sidhani kama analijua hilo.

Hiyo ya ajira nayo, Nobel ya fizikia ya 2024 walipewa John Hopfield na Geoffrey Hinton kwa kazi ya mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa kuiga seli za ubongo, ndio msingi wa hizi AI ambazo hao hao wenye vituo wanazitangaza kwenye mabango, na Hopfield ni mwanafizikia. Au njoo hapa kwetu Mbeya, kwenye volkano ya Ngozi, kwenye utafiti wa joto la ardhini. Unapima umeme na usumaku juu ya ardhi, kompyuta ndio inakadiria kilichopo chini, na vipimo vilevile vinaweza kukubaliana na picha nyingi tofauti. Kuchagua picha ipi inawezekana, hapo unahitaji fizikia.

Kwako sasa. Kama unapenda vifaa vyenyewe, chipu na saketi, angalia uhandisi wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) wapo hapahapa Mbeya. Kama unapenda maswali, hali ya hewa, mionzi ya hospitali, miamba, shika fizikia na kila semista yenye somo la hiari jaza kompyuta au hesabu. Chuo cha Mkwawa pale Iringa fizikia ipo ila angalia vizuri, kozi zake nyingi ni za ualimu. Jina la kozi lisikudanganye, fungua prospektasi, kile kitabu cha kozi za chuo, uone masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, matrisi yamo? Milinganyo tofautishi? Takwimu, algorithi (hatua za kompyuta kutatua tatizo)? Kama hayamo achana nayo hata iwe na jina tamu vipi.

Wazazi na wajomba, mtu anayeahidi kumfanya mtoto mtaalamu wa data kwa wiki 6 anauza cheti, hela hiyo mnunulieni laptopu hata ya mtumba. Na akaunti ya maombi binti fungua mwenyewe, weka namba yako na imeili yako, maana ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja namba maalumu (code) ya kuthibitisha chuo unachotaka inatumwa humo, nimeshaona watoto wanamsaka kaka wa steshenari huku dirisha linafungwa kesho yake.